Akiba Iliyogeuka Mzigo

Wazee wetu hutuambia, "Akiba haiozi." Ni neno la hekima, nasi tumelelewa kwalo. Mama mwenye busara huweka mkebe mtupu, kwa kuwa kesho utatiwa chumvi. Baba hatupi msumari uliopinda, kwa kuwa waweza kunyoshwa ukapigiliwa tena. Na mtoto hufundishwa kukunja karatasi ya jana ili iwashe moto wa leo. Mtu asiye na akiba huaibika siku ya mgeni. Basi si nia ya makala haya kuwafundisha watu utupaji.

Lakini iko akiba nyingine ambayo si akiba. Ni ile isiyotumika wala kutolewa, isiyohesabiwa wala kupangwa, izidiyo kila siku hata mwenye nyumba akakosa mahali pa kulala katika nyumba yake mwenyewe. Kitanda kimefunikwa na nguo zisizovaliwa, meza imekuwa kilima cha karatasi, jikoni hapapikiki. Na juu ya kila rafu na kila dirisha vimesimama vikorokoro: vikombe vilivyokatika mikono, vifungo vya nguo zilizokwisha kuoza, chupa tupu za marashi, sanamu ndogo za kaure, kadi za salamu, funguo zilizopoteza kufuli zake. Mwenyewe akiambiwa, "Tuviondoe," hutetemeka kama aliyeambiwa amtoe mtoto wake. Majirani humcheka. Huyu husema ni mchoyo, yule husema ni mvivu, na mwingine husema ni mchafu. Wote watatu wamekosa. Huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina, una dalili, tena una matibabu. Habari zake ndizo tutakazoeleza leo, na hasa lile lililo gumu kuliko yote katika kupona kwake, yaani kuviaga vitu vile vidogo.

NYUMBA YA NDUGU WAWILI

Tuanze na habari iliyotokea kweli katika mji wa New York, nchi ya Marekani, maana yatuonyesha upesi mwisho wa ugonjwa huu ukiachwa bila matibabu.

Palikuwa na ndugu wawili, Homer Collyer, aliyezaliwa mwaka 1881, na Langley Collyer, aliyezaliwa mwaka 1885. Hawakuwa maskini wala wajinga. Baba yao alikuwa daktari. Homer alijifunza sheria katika chuo kikuu cha Columbia, na Langley alikuwa hodari wa kupiga piano. Nyumba yao ilikuwa kubwa, ya orofa kadhaa, katika mtaa wa Harlem, kando ya barabara iitwayo Fifth Avenue. Baba akafa mwaka 1923, mama akafa mwaka 1929, na wale ndugu wakabaki peke yao pamoja na vyombo vya wazazi wao.

Miaka michache baadaye Homer akapofuka. Ndipo Langley akawa muuguzi wake. Alitoka usiku kutafuta chakula, akamlisha ndugu yake machungwa mengi kila juma, akiamini kwamba yatamrudishia nuru ya macho. Tena akaanza kuweka magazeti. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba siku Homer atakapoona tena, atataka kusoma habari zote zilizompita.

Magazeti yakajaa vyumba, yakafika darini. Langley akaogopa wezi, akafanya vijia vyembamba katikati ya malundo, akatega mitego ya mizigo iangukayo. Tarehe 21 Machi 1947 polisi waliitwa. Mlangoni hapakupitika kwa wingi wa vitu vilivyokuwa nyuma yake, hata wakaingia kwa dirisha la juu, wakamkuta Homer amekufa. Langley hakuonekana, akatafutwa mahali pengi. Tarehe 8 Aprili, wale waliokuwa wakiondoa mizigo wakampata. Alikuwa hatua chache tu toka mahali alipokutwa ndugu yake. Mtego wake mwenyewe ulikuwa umemwangukia alipokuwa akimpelekea chakula. Na yule kipofu, akiwa hana tena mtu wa kumlisha, akafa baada yake. Katika nyumba ile zilitolewa zaidi ya tani 120 za vitu, na miongoni mwake piano 14 na maelfu ya vitabu. Nyumba ikabomolewa mwaka ule ule, na leo mahali pake pana bustani ndogo iitwayo kwa jina lao.

Sasa, msomaji, tazama neno moja katika habari hii ya huzuni. Yale magazeti Langley hakuyaweka kwa uchoyo. Aliyaweka kwa kumpenda ndugu yake, na kwa kutumaini jambo ambalo halikutokea. Kila gazeti lilikuwa kama ahadi, nani awezaye kuitupa ahadi? Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Mara nyingi chanzo chake ni kitu chema, kama mapenzi, huruma, uangalifu, au kumbukumbu, lakini kitu hicho chema kimepotewa na kipimo. Kwa sababu hiyo dhihaka haimponyi mtu huyu; humfanya afunge mlango tu.

DALILI ZAKE

Kwa muda mrefu wenye elimu hawakuuchunguza sana ugonjwa huu. Waliuhesabu kuwa tawi tu la magonjwa mengine ya wasiwasi. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa chuo cha Smith, huko Massachusetts, jina lake Randy Frost, alianza kuuchunguza pamoja na mwanafunzi wake. Walitoa tangazo gazetini kuwatafuta watu wasioweza kutupa vitu, wakajitokeza wengi kuliko walivyotazamia. Baadaye Frost alishirikiana na Gail Steketee wa chuo kikuu cha Boston, na kazi yao ndiyo iliyofungua njia ya matibabu. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliupa ugonjwa huu mahali pake peke yake katika kitabu chao cha magonjwa. Na Shirika la Afya Duniani nalo limeutaja katika orodha yake mpya, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari mwaka 2022.

Dalili zake kubwa ni tatu. Ya kwanza, mtu hawezi kuachana na vitu, viwe vya thamani au visiwe, na akijaribu hupata uchungu mwingi. Ya pili, vitu vimelundikana hata vyumba havitumiki kwa kazi yake: kitanda hakilaliki, wala meza hailiki. Ya tatu, mambo hayo yamemletea mtu huyo au jamaa zake taabu au hatari. Wengi wao wana jambo la nne: hununua, huokota na kupokea vitu pasipo kiasi, hasa vinavyotolewa bure.

Nao si wachache. Hesabu zilizofanywa Ulaya na Marekani zaonyesha kwamba huenda watu 2 hata 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Mara nyingi huanza kuonekana kidogo kidogo tangu umri wa miaka 11 hata 15, nao haujulikani, maana mtoto ana mama wa kumfagilia chumba. Huzidi polepole mwaka hata mwaka, na wanaolemewa sana ni wazee. Karibu nusu ya wagonjwa husema kwamba wana ndugu wa damu mwenye tabia ile ile. Watu wengi hudhani kwamba chanzo chake ni umaskini wa utotoni, lakini Frost alipowauliza wagonjwa wake, hakuona kwamba walikuwa wamekosa vitu kuliko watu wengine. Lililoonekana mara nyingi ni msiba: kufiwa, kuachwa, au kupatwa na jambo la kutisha, na baada ya hayo malundo yakazidi.

Hapa yafaa tuangalie tusimhukumu kila mtu mwenye vitu vingi. Fundi wa baiskeli mwenye debe la nati si mgonjwa, maana siku ya kazi huingiza mkono akaitoa ile aitakayo. Wala apendaye kukusanya vitu vizuri si mgonjwa. Katika nyumba za kale za mawe huko Lamu, kuta za ndani zilijengwa zidaka, safu juu ya safu, na katika zidaka hizo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka Uchina. Kila chombo kilikuwa na mahali pake, kikaonekana na jicho la mgeni, na katikati ya chombo na chombo palikuwa na nafasi. Aliye mkusanyaji hupanga, hujua alicho nacho, hufurahi kukionyesha. Aliyelemewa hulundika, hasemi ana nini, na mgeni akibisha hodi, moyo wake huruka kwa hofu.

KWA NINI KITU KIDOGO HUWA KIZITO

Waswahili husema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kwako wewe utazamaye, kile kikombe kilichokatika mkono ni chepesi, kwa mwenye nacho kina uzito wa jiwe la kusagia. Wachunguzi wamewauliza wagonjwa sababu, nao wametoa majibu ambayo kila mmoja wetu ayafahamu kwa sehemu.

Wengine huogopa kusahau. Husema, "Nikikitoa kikombe hiki, siku ile nayo itakwenda." Wengine huogopa kupoteza: "Huenda kitafaa, huenda yuko mtu atakayekihitaji, nami nitakuwa nimekiharibu." Wengine hukionea huruma kile kitu chenyewe, kana kwamba kina roho, wakaona haya kukitupa jaani. Wengine husikia salama wakizungukwa na vitu vyao, kama mtu aliyezungukwa na boma. Na wengi hawawezi kukata shauri tu. Kila kitu ni kesi yenye mashahidi wa pande mbili, na hakimu haamui mpaka jua linakuchwa.

Jambo hili limeonekana hata katika ubongo. Mwaka 2012 David Tolin na wenzake huko Connecticut walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwalaza wagonjwa ndani ya mashine ipigayo picha za ubongo ukiwa kazini, wakawaonyesha karatasi, nyingine za mgonjwa mwenyewe na nyingine za mtu mwingine, wakawaambia waamue ipi itunzwe na ipi iharibiwe. Kwa karatasi za mwingine, zile sehemu za ubongo zipimazo uzito wa jambo zilifanya kazi kidogo kuliko za watu wazima wa afya. Kwa karatasi zao wenyewe, sehemu zile zile ziliwaka kupita kiasi. Basi mtu huyo asemapo, "Siwezi kuamua," hasemi uongo.

Tumweke mbele yetu, kwa mfano tu, mama mjane akaaye Tanga. Mumewe alikuwa mtu wa safari, na kila aliporudi alimletea kitu kidogo: kijikapu toka Iringa, kikombe toka Mwanza, kinyago kidogo cha mpingo toka Lindi. Mume akafa. Mwaka wa kwanza mjane alivifuta vumbi vitu vile kila asubuhi. Mwaka wa pili akaona kikombe sokoni kinachofanana na kile cha Mwanza, akakinunua. Akanunua kingine. Akaokota. Akapewa. Baada ya miaka 12 vyumba viwili vimejaa, na cha tatu kina njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Sasa binti yake ni mjamzito, ataka kuja kwa mama kukaa siku 40 baada ya kujifungua kama ilivyo desturi, wala hapana mahali pa kumlaza mtoto. Mama alia usiku. Ampenda binti, ampenda mjukuu asiyemwona bado. Lakini akinyosha mkono kwenye rafu, mkono warudi mtupu. Je, tumfanyeje mama huyu?

KUPOKONYA SI KUPONYA

Njia inayokuja upesi katika mawazo ya jamaa ni ya mkokoteni. Humtoa mama nyumbani kwa hila, wakampeleka harusini, na nyuma yake vijana huja wakafagia kila kitu. Akirudi huikuta nyumba nyeupe. Wao hungoja shukrani, na yeye huona msiba wa pili. Walioutibu ugonjwa huu wamejifunza kwamba nyumba iliyosafishwa hivyo hujaa tena, maana kilichoondolewa ni vitu, na ugonjwa umebaki ulipokuwa. Tena mgonjwa amepata somo moja: asimwamini mtu. Binti yake hatapewa ufunguo tena.

Walakini hatusemi watu wakae kimya wangoje. Hatari ipo. Katika mji wa Melbourne, Australia, wazima moto walichunguza habari za miaka 10 hata kufika 2009. Mioto ya nyumba zilizolundikwa vitu haikufika hata mmoja katika kila 100, lakini ilihusika na karibu robo ya vifo vya moto ambavyo vingaliweza kuzuiwa. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kukubaliana na mgonjwa ni njia ya mlangoni, jikoni na kandokando ya taa na waya za umeme. Mwambie wazi, "Mama, leo hatutupi kitu, twasogeza tu, ili moto ukitokea upate kutoka." Neno hilo wengi hulikubali, kwa kuwa halimpokonyi mtu.

NJIA YA KUVIAGA

Matibabu yaliyoonekana kufaa zaidi ni ya mazungumzo na mazoezi, pamoja na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Katika mpango wa Steketee na Frost wagonjwa walikutana na mwalimu wao mara 26, na mara nyingine mwalimu alikwenda nyumbani kwao. Tena Tolin, Frost na Steketee walitoa mwaka 2007 kitabu kiitwacho Buried in Treasures, nacho kimetumiwa na vikundi vya wagonjwa wenyewe kusaidiana, hata pasipo daktari kuwaongoza. Mambo yanayofundishwa ni mepesi kuyasema na magumu kuyatenda. Twayaweka hapa kwa taratibu.

Kwanza, zuia mlangoni. Mtumbwi unaovuja huzibwa tundu kabla ya kukumbwa maji. Mgonjwa hufanya zoezi la kwenda sokoni na mwenzake, akakitazama kitu akitamanicho, akakishika, akakirudisha, akaenda zake. Tamaa humpanda, kisha hushuka. Akiisha kuona kwamba hushuka yenyewe, amepata silaha.

Pili, anza na padogo na palipo pepesi. Usianze na zawadi za marehemu. Anza na magazeti ya zamani, mikebe iliyopata kutu, mifuko iliyotoboka. Chagua rafu moja au pembe moja ya meza, na muda usiozidi saa moja. "Haba na haba hujaza kibaba;" ndivyo kibaba kilivyojaa, na haba na haba ndivyo kitakavyopungua.

Tatu, fanya mafungu matatu tu: cha kubaki, cha kutoa, cha kutupa. Lisiwepo fungu la nne la "tutaona baadaye," maana fungu hilo ndilo lililoijaza nyumba. Kila kitu kishikwe mara moja, kipewe fungu lake, kisirudishwe lundoni.

Nne, ukiwa na kitu mkononi, kiulize. Nimekitumia lini mara ya mwisho? Ninavyo vingine vya namna hii vingapi? Kama ningekikosa leo, je, ningetoka kwenda kukinunua? Chanisaidia kuishi kama nitakavyo, au chanizuia? Maswali haya mgonjwa ajiulize mwenyewe kwa kinywa chake, asiulizwe kama mshitakiwa.

Tano, andika uchungu wako. Kabla ya kukiaga kitu, andika katika daftari nambari toka 0 hata 10, kuonyesha unavyodhani utaumia. Kesho andika tena, na baada ya juma moja andika tena. Mara nyingi mtu aliyeandika 9 siku ya kwanza huandika 3 baada ya siku chache, naye hushangaa kuona kwamba kile kitu hakukikumbuka tangu juzi. Daftari hili humfundisha kuliko maneno ya watu 10, kwa kuwa shahidi ni yeye mwenyewe.

Sita, na hapa ndipo tulipokuwa tukienda, vitu vya kumbukumbu vije mwisho, mkono ukiisha kuzoea. Hivi haviagwi kama mikebe. Kila kimoja kina habari yake, na habari ile yataka kusikiwa. Mwenzake akae chini, amwache aeleze kikombe hiki kilitoka wapi na siku ile ilikuwaje. Mjukuu ajuaye kuandika aandike katika daftari, au kitu kipigwe picha. Kisha katika vitu 20 vya namna moja achague kimoja au viwili viwasimamie wenzao wote, na hivyo apewe mahali pa heshima.

Tumrudie mjane wetu wa Tanga katika mfano. Alipofika kwenye vitu vya kumbukumbu, alikaa na binti yake mkekani, wakavitenga vile alivyoletewa na mume na vile alivyovinunua mwenyewe baadaye. Vya mume vilikuwa 17. Vya sokoni vilipita 400. Kijikapu cha Iringa kilikuwa chini kabisa, kimekandamizwa, wala hakukiona kwa miaka sita. Alikuwa akilinda kumbukumbu ya mumewe, na lundo lake ndilo lililokuwa likiifukia. Hapo ndipo alipofahamu, pasipo mtu kumhubiria, kwamba kilichopewa nafasi ndicho kikumbukwacho. Akaweka kijikapu, kikombe na kinyago juu ya rafu moja, vitatu, na nafasi katikati yake. Vingine 14 akawapa watoto na ndugu wa marehemu, kila mtu na habari ya kitu chake. Vya sokoni vikaondoka kidogo kidogo kwa miezi minane. Si kwamba hakulia, alilia, akaendelea.

Saba, kitolewacho kitoke upesi. Kiandikiwe siku na mtu, na siku hiyo kiende. "Nitampa fulani" isiyo na siku ni kamba nyingine ya kukifunga kitu nyumbani.

MANENO KWA JAMAA

Wewe unayemsaidia, shika mambo machache. Usiguse kitu chake bila ruhusa. Usiamue kwa niaba yake, ijapokuwa waona jibu liko wazi kama mchana. Mkono utakaopona ni mkono wake, nao haupati nguvu ukiufanyia kazi yake. Usimsimulie kwa majirani. Usihesabu mbele yake vilivyobaki, mwonyeshe mahali palipopatikana: "Tazama, leo twaweza kukaa wawili mezani." Na uchungu ukimzidi, simamisheni kazi, mnywe chai, mrudi kesho. Haraka haraka haina baraka.

Ujue pia kwamba mara nyingi ugonjwa huu hutembea na wenzake. Wengi wenye ugonjwa huu wana huzuni nzito au wasiwasi mkubwa, nao wahitaji kutibiwa kwa hayo pia. Na mzee ambaye hakuwa na tabia hii, akaanza ghafula kulundika vitu na kusahau mambo, apelekwe kwa daktari, kwa maana huenda ni ugonjwa mwingine wa ubongo. Ziko hospitali zenye madaktari wa akili, kama Muhimbili huko Dar es Salaam, Mirembe huko Dodoma, Mathari huko Nairobi, na Butabika huko Kampala. Na hospitali ya mkoa wako yaweza kukuelekeza. Kwenda huko si fedheha. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humfichua," na wale ndugu wawili wa Harlem ni mashahidi wa neno hilo.

Tena msishangae tabia ikirudi. "Mwenye kovu usidhani kapoa." Msiba mpya, upweke, au soko lenye vitu rahisi vyaweza kuirudisha. Aliyepona kwa kweli ni yule ajuaye hayo, akaweka siku moja katika kila mwezi ya kupita rafu zake, na rafiki mmoja wa kumwambia kweli.

Basi, wasomaji wapenzi, katika kijiji chenu huenda iko nyumba ambayo mwenyewe hamkaribishi mtu ndani, huzungumza na wageni akiwa amesimama mlangoni, na mlango ameurudisha nyuma yake. Msimcheke, wala msiende na mkokoteni. Nendeni na subira, mkae barazani, mrudi tena na tena, mpaka siku atakapowaambia mwenyewe, "Karibuni ndani, lakini hapana pa kukaa." Siku hiyo matibabu yameanza. Kazi yenu ya kwanza iwe kumsaidia kupata mahali pa kuweka kiti kimoja.